Walikimbia Mvua, Radi Ikawakuta Kibandani

Mwezi Agosti 2020, mjini Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Mvua ilipoanza waliacha mchezo, wakakimbilia kibanda cha nyasi kilichokuwa jirani, wakabanana humo kusubiri ikatike. Radi ilipiga kibanda hicho. Watoto 10 walifariki.

Hawakufanya utundu wala uzembe. Walifanya lile ambalo kila mtoto wa ukanda huu hufundishwa tangu anapoanza kutembea: mvua ikija, ingia ndani usilowe. Somo hilo linahusu maji. Paa la nyasi huzuia maji vizuri kabisa, mwembe wenye majani mengi huyazuia kwa muda, banda la mabati lisilo na kuta nalo huyazuia. Katika hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachozuia radi, na vyote vitatu huwakusanya watu mahali pamoja, bega kwa bega, pale pale umeme unapotafuta njia ya kushukia ardhini.

Kumbukumbu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) zinaonyesha kwamba pigo moja la radi lililoua watu wengi zaidi kwa kuwapiga lenyewe lilitokea Desemba 23, 1975, katika eneo la Manyika, mashariki mwa nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Watu 21 walikuwa wamejificha ndani ya kibanda kimoja. Kutoka Manyika hadi Arua imepita karibu miaka 45, na kisa ni kile kile. Machi 2018, waumini 16 walipoteza maisha baada ya radi kupiga kanisa lao wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Novemba 2, 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14, wengi wao watoto, walikufa wakiwa kwenye ibada chini ya banda la bati. Januari 27, 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita, Tanzania, waliuawa na radi wakati mvua ikinyesha, na wenzao 82 wakajeruhiwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza utabiri, mara nyingi husema "mvua zinazoambatana na ngurumo". Msikilizaji husikia neno mvua, akaanua nguo na kutafuta mwavuli. Neno ngurumo humpita, ilhali hilo ndilo lililobeba onyo.

Radi huanza na barafu. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa hutokea hata juu ya Kigoma saa nane mchana, jua likichoma. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi, hupoa, na kujenga wingu refu ambalo kilele chake huweza kufika kilomita 15 juu ya ardhi, kwenye baridi kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro. Ndani ya wingu hilo chembe nyepesi za barafu hupeperushwa kwenda juu, huku vipande vizito vinavyofanana na mvua ya mawe vikishuka. Vinagongana njiani, na katika kugongana huko hunyang'anyana chaji za umeme. Chembe nyepesi huondoka na chaji chanya hadi juu ya wingu. Vile vizito hubaki na chaji hasi katikati na chini yake. Ardhi iliyo chini ya wingu nayo hukusanya chaji chanya, na chaji hiyo husongamana kwenye ncha za vitu: kilele cha mnazi, mlingoti wa bendera, kona ya paa, kichwa cha mtu aliyesimama katikati ya shamba la karanga.

Kwa kawaida hewa haipitishi umeme. Lakini tofauti ya chaji ikizidi kiasi, ulimi wa umeme hutoka winguni na kushuka kwa hatua, kila hatua kama mita 50, haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kuufuatilia. Unapokaribia chini, vitu vilivyo ardhini huanza kutoa ndimi zao ndogo kwenda juu, kana kwamba vinanyoosha mkono kupokea. Ulimi mmoja wa chini ukigusana na ule wa juu, njia imekamilika. Mkondo mkuu hupita hapo, wa ampea 30,000 hivi, na hewa ya kwenye njia hiyo hupata joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka kwa ghafla kama baruti, na mlipuko wake ndio ngurumo inayosikika.

Kwa hiyo mtu aliye chini ya wingu hilo hangoji tu kushukiwa. Mwili wake nao unaweza kutoa ulimi wa kupokea. Hapo ndipo zinapotoka zile dalili ambazo walionusurika husimulia: nywele za kichwani na mikononi husimama, ngozi huwasha kama inayotembewa na sisimizi, vyuma vya karibu huvuma kama nyuki au kutoa sauti ya mafuta yanayokaangwa, na usiku ncha za vyuma na milingoti huweza kung'aa rangi ya samawati. Mabaharia wa kale waliuona mwanga huo juu ya milingoti ya vyombo vyao, na wapo walioupokea kama baraka.

Picha maarufu kuliko zote kuhusu dalili hizi ilipigwa Agosti 20, 1975, juu ya mwamba wa Moro Rock katika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California. Ndugu wawili, vijana, wanatazama kamera wakitabasamu, nywele zao ndefu zimesimama wima kama zinavutwa na uzi kutoka mbinguni. Dada yao ndiye aliyepiga picha. Waliona ni kichekesho. Mkono ulipoinuliwa, pete kidoleni ilivuma. Kisha baridi ikashuka ghafla, mvua ya mawe ikaanza, wakaamua kuteremka. Hawakuwa wamefika mbali radi ilipopiga. Yule mdogo kati ya ndugu hao wawili alizimia na kuungua vibaya, ingawa alipona. Mtu mwingine aliyekuwa karibu na eneo hilo alikufa.

Picha hiyo imechapishwa tena na tena kama somo, na somo lake linahitaji kuelezwa kwa usahihi. Nywele kusimama si onyo la mapema. Ni habari kwamba umeme umekwisha kumfikia mtu na unatafuta mwenzake tu. Baada ya hapo zinaweza kupita dakika chache, kama ilivyokuwa kwa vijana wale, au isipite hata sekunde moja. Na wengi waliopigwa hawakupata dalili yoyote ya mwilini. Anayesubiri nywele zisimame ndipo atafute usalama amechelewa sana.

Dalili zinazofaa ni zile za angani, na hizo zina subira zaidi.

Ya kwanza ni umbo la wingu. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu la mvua hubeba radi. Wingu tandavu la kijivu linalofunika anga zima na kunyesha manyunyu kutwa nzima halina hatari kubwa. La kuogopwa ni lile linalokua kwenda juu, linalofura kama povu la uji ulioachwa jikoni, pembe zake nyeupe na kali kama zimechongwa, tumbo lake jeusi. Likifika ukomo wake huko juu, kichwa hutandazika na kuwa bapa, mfano wa fuawe la mhunzi. Hapo tayari ni kiwanda cha umeme. Upepo wa joto ukikatika ghafla, ukaja mwingine wa baridi unaorusha vumbi na kufunga madirisha kwa kishindo, ujue hewa iliyopozwa ndani ya wingu hilo imekwisha kufika ardhini. Mvua iko nyuma yake. Radi inaweza kuwa mbele yake.

Hilo la mwisho wengi hawalijui, na ndilo linaloua wakulima. Radi haingoji mvua. Huweza kutoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri kilomita 10 hadi 15 pembeni, ikapiga mahali ambapo jua bado linawaka na ardhi ni kavu. Mtu anaona wingu liko mbali, kule ng'ambo ya mto, akajipa muda wa kumalizia matuta mawili. Umeme wenyewe hauna mipaka ambayo macho hudhani unayo: WMO imethibitisha mmweko mmoja uliotokea Oktoba 22, 2017 nchini Marekani ukitambaa mawinguni kilomita 829, kutoka mashariki mwa Texas hadi karibu na Kansas City.

Dalili ya pili ni sauti, na hapa kuna hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mwanga wa umeme humfikia mtu papo hapo. Ngurumo husafiri taratibu, mita 340 hivi kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu sekunde. Idadi utakayopata ukiigawa kwa tatu ndiyo kilomita zilizopo kati yako na radi. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kilomita 10 ni ndani ya eneo ambalo pigo linalofuata linaweza kuangukia. Sekunde zikipungua kila mara, wingu linakuja.

Kusema kweli hata hesabu hiyo si ya lazima. Ngurumo haisikiki mbali zaidi ya kilomita 15 hivi, na penye kelele za mashine ya kusaga, muziki au upepo husikika karibu zaidi ya hapo. Maana yake ni nyepesi: anayesikia ngurumo tayari yumo ndani ya uwanja wa radi. Wachungaji wenye redio za zamani za masafa ya kati wana kifaa kingine bila kujua. Redio hizo hukwaruza kila umeme unapomulika, na mikwaruzo ikisongana ni ishara kwamba mawingu ya radi yako jirani, hata kabla sikio halijasikia kitu.

Afrika ya Kati na eneo la Maziwa Makuu lina sababu ya kujua mambo haya kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Utafiti uliochapishwa 2016, kwa kutumia vipimo vya miaka 16 vya setilaiti ya TRMM, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza kwa wingi wa radi, mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ilikwenda Kabare, Kivu Kusini, nchini Kongo, yenye mimweko 205. Ziwa Victoria nalo lina tabia yake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya vilima vya Kisii, Kagera na Mwanza. Usiku upepo hugeuka, ukatoka pande zote za nchi kavu kukutana juu ya maji yaliyobaki na joto, na hewa ikikutana hivyo haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana radi za ziwani hushamiri kati ya usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mitumbwi ya dagaa imetia nanga na taa zinaelea juu ya maji. Mvuvi aliyeketi katika mtumbwi wa mbao, maji yametanda pande zote, ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita kadhaa. Kwake yeye hakuna namna ya kukaa itakayomwokoa. Kinga yake iko mwaloni, jioni, kwa kusikiliza utabiri na kuwa na ujasiri wa kulala nchi kavu usiku huo ingawa wenzake wanatoka.

Watu wengi wanapofikiria kupigwa na radi huona picha ya mwale kutoka mbinguni ukimshukia mtu kichwani. Daktari Mary Ann Cooper wa Marekani na mtaalamu wa hali ya hewa Ronald Holle, waliotumia miaka mingi kuchunguza vifo vya radi, wamekadiria kwamba pigo la namna hiyo ni asilimia tatu hadi tano tu ya visa vyote. Theluthi moja hivi hutokana na umeme kuruka kutoka kwenye kitu kilichopigwa, kama mti, na kumrukia aliye karibu. Asilimia nyingine 10 hadi 15 ni zile ndimi zinazopanda kutoka mwilini hata kama hazikufanikiwa kukutana na wingu. Wachache huumizwa kwa kugusa kitu kirefu cha chuma kinachopitisha umeme, mfano waya wa kuanikia nguo, senyenge ya uzio au bomba la maji. Nusu na zaidi huumizwa na umeme unaopita ardhini.

Huu wa ardhini unahitaji kueleweka vizuri. Radi ikipiga ardhi haiishii pale ilipopiga. Husambaa kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Ng'ombe aliyesimama karibu na mahali hapo miguu yake ya mbele iko penye nguvu kubwa ya umeme na ya nyuma iko penye nguvu ndogo. Tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja, upite kifuani, ushukie mguu mwingine. Kwa kuwa miguu ya ng'ombe iko mbalimbali na moyo uko katikati ya njia, kundi zima huweza kuanguka kwa pigo moja. Agosti 26, 2016, katika nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norway, radi iliua kulungu wa baridi 323 waliokuwa wamejikusanya pamoja kwa sababu ya dhoruba. Wafugaji wa Usukumani na Umasaini hawahitaji kusimuliwa habari za Norway. Wanajua ng'ombe waliokutwa wamelala chini ya mti mmoja.

Na mti? Mti mrefu ulio peke yake hupigwa kwa sababu ni mrefu na una ncha. Umeme ukishuka kwenye shina hukuta mbao, ambazo hazipitishi umeme vizuri. Aliyesimama mita moja kutoka kwenye shina hilo ana mwili wenye maji na chumvi, njia nyepesi zaidi. Umeme huhama. Hata akiwa mbali kidogo na shina, uko ule unaosafiri kwenye mizizi na ardhi. Katika maamuzi yote ambayo mtu aliye nje huweza kufanya wakati wa ngurumo, kusimama chini ya mti ulio peke yake ni miongoni mwa mabaya kabisa, na ni uamuzi ambao watu wenye akili timamu huufanya kila siku ya masika, kwa ajili ya kuepuka kulowa.

Mahali salama ni pa aina mbili. Pa kwanza ni jengo kubwa lililokamilika, lenye kuta imara, nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta, kwa kuwa hivyo huuchukua umeme na kuupeleka ardhini bila kuwapitia watu. Aliye ndani akae mbali na mabomba, madirisha, na vifaa vilivyochomekwa ukutani. Pa pili ni gari lenye paa na bodi ya chuma: daladala, basi, lori, gari dogo, vioo vikiwa vimefungwa. Wengi huamini matairi ya mpira ndiyo yanayokinga. Radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haizuiwi na sentimita chache za mpira. Kinachokinga ni bodi ya chuma, ambayo huupitisha umeme nje na kuwaacha waliomo ndani. Kwa sababu hiyo bajaji, bodaboda, baiskeli na trekta lisilo na kibanda cha chuma havimo katika orodha hii.

Lakini ni haki kusema wazi kwamba katika vijiji vingi hakuna hata kimoja cha hivyo viwili. Nyumba ni ya udongo, paa ni la nyasi au bati, sakafu ni ardhi tupu, na shule nayo haina bomba wala waya. Mwananchi akiambiwa "nenda mahali salama" ana haki ya kuuliza ni wapi. Bati lenyewe si mkosaji. Halivuti radi kama watu wanavyodhani. Kasoro yake ni kwamba limeishia juu ya ukuta, halina njia ya kuufikisha umeme ardhini, hivyo umeme hurukia vichwa vya walio chini yake. Ukiwekwa mtego wa radi, yaani vyuma vya kupokea juu ya paa, nyaya nene za shaba au alumini zinazoshuka ukutani na kufukiwa ardhini kwa ufundi, darasa lile lile huwa kimbilio.

Hilo limefanyika. Juni 28, 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja darasani. Mtandao wa ACLENet, wenye makao Kampala na ambao Daktari Cooper ni mmoja wa waanzilishi wake, uliichagua shule hiyo kuwa ya kwanza kuiwekea kinga, kazi iliyokamilika miaka mitano baadaye. Fedha zinazohitajika kwa shule moja si za kutisha ukilinganisha na gharama ya jengo lenyewe. Kujenga madarasa mapya ya bati katika kanda iliyo miongoni mwa zinazoongoza kwa radi, bila kuweka mtego wa radi kwenye ramani tangu mwanzo, ni kosa ambalo halmashauri hazipaswi kuendelea kulifanya.

Anayekutwa nje kabisa, mbali na jengo na gari, hana pa kujificha kwa uhakika, ila anaweza kupunguza hatari. Aendelee kutembea kuelekea mahali salama. Kusimama na kusubiri humwacha muda mrefu zaidi hatarini. Ateremke kutoka kilimani. Atoke majini, iwe ni mto, bwawa au jaruba la mpunga. Ajiepushe na uzio wa waya na mti ulio peke yake. Akiwa msituni, apite penye miti mifupi iliyolingana. Jembe lisibebwe begani wala mwavuli usiinuliwe: si kwa sababu chuma kina sumaku ya radi, ni kwa sababu vinaongeza urefu wa mtu na kumpa ncha. Wakiwa wengi, waachane kwa mita 15 hadi 30 kila mmoja. Inauma kumwacha mtoto atembee mbali na wewe katika ngurumo, lakini pigo moja likiangukia kundi lililoshikana mikono huenda lisibaki hata mtu wa kuwasaidia wengine.

Kuhusu kuchuchumaa miguu ikiwa pamoja, ushauri uliozoeleka vitabuni, wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani waliacha kuupendekeza kwa sababu watu walidhani wakichuchumaa wamesalimika, wakaacha kukimbilia mahali salama. Mkao huo ubaki kwa yule ambaye nywele zimekwisha kusimama na hana pengine pa kwenda. Asilale chini hata kidogo, maana mwili uliolala hugusa ardhi sehemu nyingi na kuukaribisha umeme wa ardhini.

Kisha kuna swali la kutoka. Mvua ikikatika watoto hurudi uwanjani, refa hupuliza filimbi, mama huenda kuanika tena. Radi nyingi za kuua hupiga wakati huu, wingu likiwa linaondoka na mkia wake bado una chaji. Kanuni ni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo nyingine ikisikika, hesabu inaanza upya. Refa wa mchezo wa kirafiki kijijini ana mamlaka ya kutosha kuifuata.

Mwaka 1998, gazeti moja la Kinshasa liliripoti kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja katika mechi huko Kasai, na wapinzani wao wakabaki wazima. Wengi walisema ni uchawi, na simulizi hiyo ikaenea dunia nzima. Wazo la radi ya kutumwa lina mizizi mirefu. Sumbawanga imebebeshwa sifa hiyo kwa vizazi, na zipo jamii zinazoamini radi ni jogoo anayeshuka. Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu ili kuikwepa radi hakumdhuru mtu, wala hakumkingi. Madhara huanza pale aliyepigwa anapoachwa amelala kwenye matope kwa sababu watu wanaogopa kumgusa, au jirani mzee anapoanza kunyooshewa kidole.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Anaweza kuguswa mara moja. Mara nyingi moyo husimama, kisha hujiwasha wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi hukawia kuamka. Mtu hukosa hewa, na moyo husimama tena, safari hii kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo penye majeruhi wengi utaratibu hugeuzwa: wanaolia na kujigaragaza wana pumzi, wanaweza kungoja, na wa kukimbiliwa kwanza ni wale wanaoonekana wamekufa. Wapulizwe pumzi mdomoni na kubonyezwa kifuani kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Miguu inayopooza na kuwa ya baridi na ya bluu baada ya pigo mara nyingi hurudi katika hali yake baada ya saa kadhaa. Isiwatie waokoaji katika kukata tamaa.

Wengi wanaopigwa hawafi. Ila kupona kwao hakuishii siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Masikio huweza kupasuka ngoma, kichwa kikauma kwa miezi, usingizi ukapotea. Wapo wanaosahau jambo waliloambiwa asubuhi, wanaochoka kwa kusoma ukurasa mmoja, wanaotetemeka wingu likitanda tu. Kwa nje hawana kovu. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu darasani akirudi shuleni na kuanguka hadi wa 40, mwalimu asiyejua atamwita mvivu na huenda akamchapa. Mwalimu anayejua atamketisha mbele, atampa muda zaidi wa mtihani, na mawingu yakianza kufura kule ng'ambo atamwendea kabla ya ngurumo ya kwanza.